Nusu Ngazi Kwenda Chini

Trieste, 3 Machi 1954

Mjomba wangu mpendwa Egisto,

Pokea salamu zangu, umgawie mkazamjomba Argia nusu nzima, na ukibakiza kidogo umpe paka. Mimi ni mzima. Upepo wa huku unavua watu kofia. Juzi nimemwona padri akiikimbiza yake hadi bandarini na waumini wake wamesimama wanacheka. Mwenye nyumba ninapopanga ananiita "bibie msanii" kila asubuhi ili nisimuulize habari za maji ya moto.

Nimesikia binamu Loris amepata mtoto wa tatu, tena wa kike. Hongera zake. Mwambie tafadhali asimpe jina la opera. Darasani kwetu tulikuwa wasichana kumi na mmoja, na tisa kati yetu tulikuwa malkia waliokufa kwa sumu.

Sasa sikia. Jana nimepata barua kutoka Parma, kutoka ukumbi wetu wenyewe. Wanataka nifungue msimu tarehe ishirini na sita Desemba, kwenye opera ya mke wa mwenye kinu, na huyo mke wa mwenye kinu ni mimi. Miaka kumi na mbili nimeimba kila mahali. Nilianzia Lugo, ambako okestra ilikuwa na watu wengi kuliko viti vya mbele, nikaenda Bari, nikaenda Lisbon, nikakaa Buenos Aires miezi saba. Nyumbani sijaimba hata siku moja. Nikiulizwa sababu nasema nafasi haijapatikana. Wewe unajua na mimi najua kwamba sababu ni roshani yenu ya juu, ile ya watu wanaosimama kwa muda wa saa nne kwa miguu yao na wamejipa mamlaka ya kumrudisha mwimbaji kwao kwa miluzi. Na mkubwa wao ni ndugu yake mama yangu.

Nimetia sahihi. Nilifanya haraka, kabla akili haijanirudi. Niambie umefurahi.

Mpwa wako,
Zelinda


Parma, 15 Machi 1954

Mwanangu Zelinda,

Barua yako Argia ameniletea mbio kwenye ghala la jibini, yeye ambaye miguu yake haiwezi hata kupanda ngazi za kanisa. Sisi sote wazima. Loris amekwisha kukosea: mtoto amepewa jina la opera, tena la yule anayechomwa moto mwishoni. Nimemwambia ayafiche makaa.

Umeniuliza kama nimefurahi. Nimefurahi hadi nimewaambia watu ambao sisemi nao. Jioni niliipeleka habari kwa Fernando kinyozi, ambako wewe unajua ndiko roshani yetu hufanyia vikao. Fernando alimwacha mteja na ndevu za upande mmoja.

"Mpwa wako?" akasema. "Yule aliyekuwa analala mapajani mwako sehemu ya tatu ikianza?"

"Hakuwa analala. Alikuwa anasikiliza macho yamefumba."

"Na akikoroma je?"

"Alikuwa anafuatisha besi."

Wakacheka wee. Halafu Fernando akasema, kwa uungwana wake, "Basi siku hiyo tutatulia, Egisto, kwa heshima yako." Nikamwambia wakitulia wao, miluzi nitapiga mimi peke yangu. Nakuambia na wewe mapema ili usije ukasema hukuambiwa. Kule juu hakuna udugu. Mpima jibini kama mimi, aliyegonga magurudumu yake kwa nyundo miaka thelathini, akausikia ufa wa unywele uliojificha ndani ya kilo arobaini, hawezi kujifanya kiziwi kwa kuwa anayeimba ni mtoto aliyemlea mwenyewe.

Unamkumbuka yule mwanamume wa mwaka wa thelathini na nane, aliyekuja na barua ya askofu? Alikula njama na mwongoza okestra, wakaushusha wimbo wake nusu ngazi ili ile sauti ya juu isimshinde, wakidhani sisi ni mbumbumbu. Nilimsikia mimi wa kwanza. Ni mimi niliyempigia kelele, "Panda bwana, wenyewe tuko huku juu!" Alitoka kwa mlango wa nyuma. Siku hizi anauza kofia Modena.

Sasa niambie: ile sauti ya juu mwishoni mwa wimbo wa sehemu ya pili, pale mke wa mwenye kinu anapomwita mumewe aliyekwenda vitani, unaifikiaje siku hizi?

Mjomba wako,
Egisto


Lisbon, 4 Mei 1954

Mjomba mpendwa,

Samahani kwa kuchelewa, barua yako imenifuata miji mitatu. Natumaini magoti ya mkazamjomba yamepata nafuu kwa kuwa joto limeingia. Mimi nanenepa. Huku wanachoma dagaa wakubwa barabarani, na mtu akipita na nguo ya jukwaani harufu inapanda naye jukwaani hadi mbele ya mfalme wa opera. Juzi nimekufa kwa upanga nikinukia samaki, na mwenzangu aliyenilalia kifuani akilia alininong'oneza kwamba ana njaa.

Magazeti yamenisifu. Moja limesema nina macho ya kuhuzunisha, jingine limesema nina mabega mazuri. Nimeyakata unitunzie kwenye lile kopo la biskuti. Mwanamke anayenishonea nguo ni wa Reggio, jirani zetu, basi tunagombana kuhusu nani anapika vizuri, ninyi au wao, na siku zinakwenda.

Fernando msalimie. Mwambie besi naifuatisha hadi leo.

Zelinda wako


Parma, 22 Mei 1954

Zelinda,

Sisi wazima. Magoti ya Argia yamepona kabisa tangu alipoambiwa kuna harusi Langhirano.

Barua yako ni nzuri mno. Ina dagaa, ina mabega, ina mshonaji wa Reggio ambaye namwonea huruma. Ina kila kitu ila jibu la swali langu. Nimeigeuza nikaangalia na nyuma.

Egisto


Turin, 12 Septemba 1954

Mjomba wangu,

Najua nimenyamaza kiangazi kizima, na najua unajua. Nilikuwa mazoezini, kisha safarini, kisha nikachoka. Poleni na mvua ya mawe; Loris ameniandikia kwamba zabibu zote zimelala chini. Huyo mtoto wa kuchomwa moto anaota meno, hongera.

Nina habari ya kukufurahisha. Jumamosi ijayo, tarehe kumi na nane, redio itatangaza moja kwa moja kutoka hapa, na opera ni hiyo hiyo ya mke wa mwenye kinu. Kusanyikeni kwa Fernando. Sauti yangu iko sawa. Utasikia mwenyewe.

Mpwa wako,
Zelinda


Turin, 11 Oktoba 1954

Mjomba,

Mna afya? Mkazamjomba mzima? Ni wiki tatu sasa tangu redio, na Loris ananiambia duka la Fernando lilijaa hadi watu wakakaa kwenye ngazi, wakalia, wakapiga makofi mbele ya redio kama mimi niko ndani yake. Watu wote wameniandikia. Hata yule mzee wa mwisho wa barabara ambaye hajui kuandika ameniandikishia. Wewe tu.

Kama unaumwa niambie. Kama huumwi niambie.

Zelinda


Parma, 2 Novemba 1954

Mwanangu,

Siumwi. Leo ni siku ya marehemu, tumetoka makaburini, tumemwekea mama yako maua meupe na Argia amemsimulia habari zako kwa sauti kubwa kama kawaida yake. Kisha nimeona aibu kusimama pale na mimi nakunyamazia. Kwa hiyo nimekaa mezani.

Nilikuwa nimekaa karibu kabisa na redio. Walilia wote, ni kweli. Fernando alilia kwenye taulo la mteja. Mimi wimbo wa sehemu ya pili ulipoanza nilihisi kitu kimekaa vibaya, nikajiambia ni redio, ni waya, ni mvua. Jumapili nikamwomba mtunza kanisa anifungulie kinanda baada ya misa. Nikabonyeza ile sauti, nikaiimba kichwani kama ulivyoiimba, nikabonyeza tena. Nusu ngazi chini, Zelinda. Wimbo mzima, okestra nzima imeshuka na wewe.

Sijamwambia mtu, hata Argia. Wiki sita nimechana karatasi, kwa sababu kila nikianza kukuandikia naandika uongo. Sasa nasema ukweli. Tarehe ishirini na sita nitakuwa pangu ukingoni mwa roshani, kama kila mwaka. Ukifanya ulichofanya Turin, nitapiga kelele. Sitaki. Nakosa usingizi kwa jambo hili. Lakini kuna mtu anauza kofia Modena kwa sababu yangu, na nikikunyamazia wewe, basi yule nilimfukuza si kwa kosa lake bali kwa kuwa hakuwa mtoto wa dada yangu. Sitaweza kupita Modena tena.

Niambie kilichotokea. Mimi ndiye niliyekubeba kuja kusikiliza, mabegani, ulipokuwa na miaka sita.

Mjomba wako


Bologna, 9 Novemba 1954

Mjomba Egisto,

Salamu kwa wote.

Ulitaka kujua, basi jua. Buenos Aires nilipata homa, wiki tano kitandani, madaktari wanaingia na kutoka na kofia zao mkononi. Niliporudi jukwaani niliimba vizuri hadi nilipofika pale. Nikafungua mdomo na ikatoka hewa. Ni miaka miwili sasa. Ngazi moja ya juu kabisa imekufa, na jirani yake anaumwa. Waongoza okestra wanajua, kwa kuwa ndio wanaonisaidia kushusha, na wananipapasa bega kwa upole ambao nauchukia. Mtu mwingine yeyote hajui. Lisbon hawakusikia, Turin hawakusikia. Mabega yangu ndiyo waliyoyasikia.

Nina hasira na wewe na sijui kwa nini, maana hujakosea. Nina miaka thelathini na mitatu. Sina mume, sina shamba, sijui kupika hata yai. Nina hiki kitu cha shingoni tu. Wakinipigia miluzi Parma, mji wangu, kesho yake kila ukumbi utajua, na mimi nitakwenda Modena nikamuulize yule bwana kama anahitaji msaidizi.

Kwa hiyo siji. Nitawaandikia ukumbi kwamba naumwa. Si uongo mkubwa.

Usinijibu ukiwa na huruma.

Zelinda


Parma, 14 Novemba 1954

Zelinda,

Argia mzima, paka mzima, mimi mzima. Huruma sina, usihofu.

Usiandike kwamba unaumwa. Nisikilize mara hii kwa makini, halafu ukitaka uchane.

Gurudumu la jibini nikiligonga nikalisikia lina kasoro ndogo, silitupi. Nalichora mistari kuzunguka ganda lote, kila atakayeingia dukani aione. Hakuna aliyedanganywa. Watu wanalinunua, wanalila, na mkazamjomba wako miaka yote hii hajawahi kuweka jingine mezani, na wewe umekua nalo ukaomba uongezewe. Tunayemwita mwizi ni yule anayeikwangua ile mistari ili auze kama la kwanza. Huyo tunamfukuza sokoni na mke wake.

Yule wa kofia hatukumpigia miluzi kwa sababu alishuka. Tulimpigia kwa sababu alituficha. Basi usitufiche. Waambie ukumbi waandike kwenye bango la mlangoni, chini ya jina lako, kwamba wimbo wa sehemu ya pili utaimbwa nusu ngazi chini. Hajawahi kufanya hivyo mtu yeyote, najua. Mtu wa roshani akiona maneno hayo akanunua tiketi yake, hana haki tena ya kukuzomea kwa hilo. Kwa mengine anayo, na mimi ninayo.

Kuna jambo la pili nilikuwa na hasira mno kukuambia. Siku ile ya redio, pale mwanzo wa wimbo, kwenye zile sauti za chini ambazo wanawake wote huzipita haraka kama wanaovuka barabara, wewe ulizipita polepole. Ulipokuwa na miaka ishirini sauti hizo hukuwa nazo. Sijui umezipata wapi. Nilitikisa kichwa na Fernando akadhani naumwa jino.

Egisto


Bologna, 28 Novemba 1954

Mjomba,

Wasalimie. Nimelia siku mbili, na ya tatu nimecheka, kwa kuwa nilikuwa nakuona akilini ukiingia jikoni kwa siri kuangalia kama Argia ameona mistari kwenye jibini.

Nimemwandikia mkurugenzi wa ukumbi. Amenipigia simu huku hotelini, ameniuliza kama nimelewa. Anasema ni sawa na muuza samaki kuandika mbele ya meza yake kwamba hawa ni wa juzi. Nikamwambia muuza samaki huyo ningenunua kwake kila siku. Halafu akasema, "Bibie, ni kaburi lako, nitaliandikia herufi nzuri."

Naogopa kuliko nilivyoogopa maisha yangu yote. Nilizoea woga wa kukamatwa. Huu ni mwingine, sijui hata niushike wapi. Lakini usiku wa jana nimelala muda wa saa nane mfululizo bila kushtuka, jambo ambalo halijatokea tangu Buenos Aires.

Nafika tarehe kumi na mbili. Nitandikieni kitanda changu.

Zelinda


Parma, 13 Desemba 1954

Mwanangu uliye ng'ambo ya mto,

Nasikitika kukuandikia barua itakayovuka daraja moja tu, lakini sheria ni sheria. Mtu wa roshani haingii chumbani kwa mwimbaji, hali naye, halali naye nyumba moja, hadi onyesho la mwisho la msimu limalizike. Ulikuwa umesahau, na mimi nilikuwa sitaki kukumbusha. Argia amenikasirikia tangu jana hasemi na mimi. Anamwambia paka maneno, na paka ananiangalia. Amekutumia blanketi na mikate. Nyumba hiyo ya wageni ina baridi, funga dirisha.

Bango limebandikwa leo asubuhi. Maneno yako yapo, makubwa kuliko nilivyotegemea. Kwa Fernando hakujanyolewa mtu.

"Huu ni ujeuri," alisema Fernando. "Anatuambia mapema ili tukose kazi."

"Ni woga," akasema yule wa posta.

"Ni adabu," akasema Amilcare wa buchani, ambaye hajawahi kusema neno zuri juu ya mwimbaji yeyote aliye hai. "Mimi nikiwa na nyama ya jana nasema ni ya jana."

"Lini umesema?"

Hapo wakashikana mashati, na kopo la sabuni likaenda dirishani. Nimeulizwa mara ishirini mimi nasemaje. Nimesema nitasema tarehe ishirini na sita. Mwishowe wamekubaliana kukusikiliza hadi mwisho kwanza kabla ya kugombana, jambo ambalo sijaliona tangu kabla ya vita.

Kunywa maziwa ya moto. Usiongee barabarani.

Egisto


Parma, 27 Desemba 1954

Mjomba wangu,

Krismasi njema iliyochelewa, kwako na kwa mkazamjomba. Mikate yake imekwisha. Mwambie blanketi lilinifaa, nililivaa hata kwenye mazoezi.

Nimeamka kwa kuchelewa, na sasa ni saa saba mchana. Nitakusimulia ingawa ulikuwepo, kwa sababu kutoka kule chini mambo yanaonekana vingine.

Sehemu ya kwanza mlikuwa baridi. Hamkunizomea, hamkunisifu, mlikohoa. Watu mia mbili wakikohoa kwa pamoja kutoka juu, mtu anajua kwamba anapimwa. Ilipoanza ya pili mikono yangu ilitetemeka hadi ile taa niliyopewa niishike ikawa inacheza ukutani, na leo wananisifu kwa uigizaji. Nikaanza. Na kwa kuwa sikuwa na cha kuficha, Mjomba, sikukimbilia juu. Nilikaa kule chini nikaimba kama niko jikoni kwetu. Nikasikia mtu wenu mmoja akisema "Ehee," peke yake, kwa sauti ya kawaida, kama mtu aliyeonja mchuzi. Basi nikapata nguvu. Nilipofika kwenye ile sauti ya mwisho, nusu ngazi yake chini, ilitoka nzima, ikakaa, na mimi nilikuwa na pumzi ya kubaki nayo kadiri nilivyotaka.

Kisha Amilcare, naijua sauti yake tangu utoto, akaita kutoka juu: "Na hiyo ya chini ulikuwa umeificha wapi miaka yote hii?"

Ukumbi ukacheka, na mimi nikacheka pale pale nikiwa mjane mtarajiwa, na baada ya hapo sikumbuki vizuri. Najua waliniimbisha mara ya pili. Najua watu wa viti vya chini, wenye lulu zao, walisimama. Leo asubuhi mkurugenzi amekuja mwenyewe na maua. Anataka mwakani niimbe tena opera hii, safari hii nafasi ya mama mkwe, ambayo imeandikwa chini na ndiyo yenye nyimbo mbili nzuri kuliko zote. Naona nimepanda cheo: kutoka mke hadi mama mkwe ndani ya siku moja. Nimekubali. Kule chini nina nafasi ya kutembea, na nina miaka ishirini mbele yangu badala ya miwili.

Lakini sikuandika kwa ajili ya hayo. Nilikutafuta kwa macho. Uliushika ukingo kwa mikono miwili, kichwa umekiinamisha. Wote waliokuzunguka wanapiga makofi au wanagombana, na wewe hupigi makofi wala mluzi. Wimbo wa mara ya pili ulipoanza, nafasi yako ilikuwa wazi. Ulikuwa umeondoka.

Watu elfu moja wameniambia. Wewe hujaniambia. Nilianza kuimba ili wewe usikie, nadhani unajua. Niliimba vizuri au sikuimba vizuri? Nijibu hivyo hivyo kama unavyoligonga jibini, bila kunionea haya.

Zelinda


Parma, 29 Desemba 1954

Zelinda, mwanangu,

Salamu leo sitoi, utaona kwa nini.

Swali lako nimekaa nalo siku mbili. Nimekwenda ghalani, nimerudi. Nilitaka kukuandikia kwamba uliimba vizuri, kwa kuwa Fernando ameniambia, Amilcare ameniambia, na yule wa posta aliyesema ni woga amekuja hadi nyumbani kuomba radhi, akala na chakula cha jioni. Lakini hayo ni yao. Umeniuliza mimi.

Sikusikia, Zelinda. Huo ndio ukweli, na hajaujua mtu ila Argia. Ulipoinua ile taa, mimi niliona mkono wako unatetemeka, na tangu hapo sikusikia kitu. Moyo ulikuwa unanipiga masikioni. Nililia kama mtoto, nimeinama ili wasinione, na nilichokuwa nawaza ni kwamba mtu yeyote akithubutu kupiga mluzi nitamtupa chini kwenye viti vya matajiri. Mimi. Miaka thelathini na moja ukingoni, masikio yangu ndiyo yaliyokuwa sheria ya watu wale, na siku moja niliyoyahitaji hayakuwepo. Waliposema uimbe tena nikajua nikibaki nitapiga kelele za kukusifu bila kujua nasifu nini, basi nikatoka, nikakaa kwenye ngazi na mfanyakazi wa makoti, akanipa leso yake.

Nilikutishia kwa barua kwamba nitakupigia kelele. Nisamehe. Nilikuwa sijui ninaahidi kwa mdomo wa nani. Sote kule juu tumejidai hakuna udugu, na hakuna aliyewahi kujaribiwa ila mimi, na nimeshindwa kabla ya sauti ya kwanza.

Kwa hiyo jibu sina. Kama uliimba vizuri nitakuja kujua siku nyingine, nikiwa nimekaa chini kwenye kiti kama watu wengine, na labda siku hiyo pia nitalia nisisikie, na itakuwa hivyo hivyo.

Jana nimempa Fernando nafasi yangu ukingoni, mbele ya wote. Wameuliza sababu, nimesema miguu. Mimi si mtu wa roshani tena. Sheria yao hainihusu, naweza kula na mwimbaji nimtakaye.

Argia tangu alfajiri anakunja anolini, vile vipande vya unga vya kujazwa, ameweka jogoo mzima kwenye mchuzi, na ameanza tena kusema na mimi. Barua hii sikuitia posta. Nimempa mwenye nyumba ya wageni akupandishie, na mimi niko hapa chini mlangoni, nimesimama kwenye theluji kama mtu aliyekuja kuposa. Vaa koti, twende nyumbani.

Mjomba wako